Kitanda cha Zamu

Miaka minne tulilalia godoro moja, mimi na Udaynath Sethi,
na ungeniuliza sura yake nisingeweza kukwambia.
Zamu yangu mchana, yake usiku.
Saa moja asubuhi, saa moja jioni, tulipishana ngazini gizani,
bega likisugua bega, sitini wakishuka, sitini wakipanda,
nami nikaenda kulala katika joto aliloliacha.

Nilimjua kwa mabaki:
mafuta ya nazi kwenye mto,
unywele mmoja mweupe, mwaka uliofuata watatu,
tundu la moto wa biri kwenye shuka
ambalo hakuwahi kuliombea radhi.
Nililishona kwa uzi wa kiwandani, wa waridi,
nilioukwapua kwenye sari ya bibi harusi nisiyemjua.

Hapa ni Surat. Kwetu ni Ganjam, siku mbili kwa gari moshi.
Juu yetu mabati, chini yetu mitambo ya kufuma,
na kelele yake ndiyo hewa; tunasemezana kwa vidole.
Dandapani alipashwa habari ya kifo cha mama yake
kwa ishara ya mkono.
Akaendelea kufuma hadi zamu ikaisha.

Tangazo lilitoka saa mbili usiku.
Ilipogonga saa sita mitambo ikanyamaza, yote,
na wale sitini wa usiku wakapanda ngazi
wakatukuta sitini wa mchana tumelala.

Wakasimama tu.
Watu mia na ishirini, vyoo viwili,
dirisha moja lililozibwa kwa matofali.
Redio ikatuasa tuachane hatua mbili mbili.
Laxmidhar alicheka mpaka akakohoa,
na alipokohoa
tukajivuta kando, sote, ndugu zake.

Udaynath aliniinamia.
"Ndiwe wewe?" kwa ile sauti ya juu, ya viziwi, yetu sote.
"Ndimi."
"Unakoroma?"
"Sijui. Hakuna aliyewahi kusikia."

Tukagawana usiku kama shamba la urithi lenye kesi:
mimi hadi saa nane, yeye hadi kuche,
na asiye na zamu akae ngazini, magoti kidevuni.
Lakini kimya kile hakikulalika.
Masikio yangu yaliutafuta mtambo
kama ulimi utafutavyo jino lililong'oka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja, leso puani,
akadai kodi.
Jembe lilikuwa kule chini, nyuma ya kufuli lake.

Wali ukawa wa mara moja kwa siku.
Kisha wali wa jana uliolowekwa. Kisha maji yake.
Bipra, mdogo wetu, alishuka kutafuta vitunguu,
akarudi na michirizi mitatu ya fimbo ya polisi mgongoni
na kitunguu kimoja, kizima, ngumini.
Hakuna aliyemuuliza bei.

Wiki ya sita wakaleta gari moshi na orodha.
Udaynath alikuwamo.
Karani alikosea herufi moja ya jina langu,
nikawa mtu ambaye hayupo, na ambaye bado anadaiwa kodi.

Alifunga mzigo wake: sahani, suruali, picha ya mungu wa kwao.
Mto akaniachia.
Pale mlangoni aligeuka, akanena kwa vidole
ingawa hapakuwa na kelele yoyote:
sasa lala katikati.

Sikulala katikati.
Nililala upande wangu, kidole juu ya mshono wa waridi,
na upande wa pili godoro lilikuwa baridi.
Miaka minne halijawahi kupoa.

Saa moja asubuhi niliamka,
nikampisha.